Kaskazi, Kusi na Mgeni wa Mwezi wa Mei

Watu wa bara wakijua kwamba unaishi pwani, hawakosi kukuuliza swali moja. Zamani waliniuliza kwa barua. Siku hizi hunipigia simu. Swali lenyewe halibadiliki: "Mwalimu, ni mwezi gani ulio mzuri wa kuja huko kupumzika?" Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu tayari, kama mwanafunzi aliyekariri tarehe za mtihani. Niliwajibu, "Njooni Januari au Februari," kisha nikaendelea na shughuli zangu. Sikuwa nikisema uongo. Lakini yuko mgeni mmoja ambaye jibu hilo lilimkosesha kitu kisichorudi, na tangu hapo, kila niulizwapo, hunyamaza kidogo kabla ya kujibu. Katika kurasa hizi nataka kueleza sababu ya ukimya huo. Na kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kufundisha historia, msomaji aniwie radhi nikianzia mbali.

Mimi si mzaliwa wa pwani. Nilizaliwa bara, katika nchi ya vilima na baridi, nikaletwa Malindi na barua ya uhamisho mwaka 1974, nikiwa kijana. Nilidhani nitakaa miaka miwili. Nikaoa huku, nikazaa huku, na sasa nimezeeka huku. Baba wa mke wangu alikuwa nahodha wa jahazi lililobeba boriti za mikoko kutoka Lamu. Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi mwaka 1982, biashara ile ikadhoofika, naye akarudi kwenye uvuvi. Mzee huyo hakuwahi kusoma kitabu cha historia, lakini yeye ndiye aliyenifundisha kwamba sikuijua kalenda. Mimi nilikuwa nikisema "mwezi wa saba", yeye alisema "kusi imeshika." Mimi nilikuwa nikisema "Krismasi", yeye alisema "kaskazi imetulia." Nilidhani ni namna mbili za kutaja jambo moja. Haikuwa hivyo.

Tulitazame kwanza neno tunalolitumia. Msimu ni neno lililotokana na Kiarabu, mawsim, maana yake wakati maalumu wa jambo kutendeka. Wareno walipolisikia katika bahari hii wakaligeuza kuwa monção, na kutoka kwao likaingia katika lugha nyingine za Ulaya kuwa jina la pepo za Bahari ya Hindi. Kwa hiyo anayeuliza habari za msimu wa kwenda pwani, ajue asijue, anauliza habari za upepo. Hata dira yetu imesimama juu ya pepo mbili: kaskazini ni kule itokako kaskazi, na kusini ni kule itokako kusi.

Sababu ya pepo hizi iko mbali na sisi, katika bara kubwa la Asia. Nchi kavu ya kule hupoa sana wakati wa baridi yao. Hewa nzito hutiririka kuja kwetu, nasi tunapata kaskazi, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba mpaka Machi. Asia inapopata joto, hewa huvutwa kwenda huko, nasi tunapata kusi, inayoanza Aprili au Mei na kufikia ukali wake kati ya Juni na Agosti. Upepo unapobadilika pana siku za maleleji, ambazo mabaharia huziita tanga mbili, kwa kuwa chombo chaweza kwenda huku au kule na hakina uhakika wa popote. Kwenye mabadiliko hayo ndipo zinapoingia mvua: masika ya Aprili na Mei, na vuli ya Oktoba na Novemba. Baina ya kusi kali na vuli kuna demani, wakati upepo unapolegea na bahari kuanza kusamehe.

Wazee waliyapima haya yote kwa mwaka wa Nairuzi, wenye siku 365, uliohesabiwa kwa makumi, kila kumi likiitwa mwongo. Jina ni la Kiajemi, lakini kazi yake ilikuwa ya mkulima na baharia wa hapa. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi na huzunguka majira yote; haukuweza kumwambia mtu lini apande wala lini atweke. Ahmad ibn Majid, baharia mashuhuri wa Oman aliyeandika mwishoni mwa karne ya 15, naye alizitaja tarehe za safari kwa kuhesabu siku tangu Nairuzi. Na hapa pana jambo la kuwafurahisha wanaotafuta asili ya likizo ya pwani. Kule Makunduchi, Unguja, siku hiyo ya mwaka huadhimishwa hadi leo, mwezi wa Julai, nayo huitwa Mwaka Kogwa, yaani mwaka unaokogwa. Watu walikwenda baharini kuoga ili kuuacha mwaka wa zamani majini. Basi kama ni kuuliza wenyeji walijichagulia siku gani ya kuingia baharini kwa furaha, jibu ni Julai, katikati ya kusi, wakati ambao vitabu vya watalii huutaja kwa mashaka.

Wageni waliokuja kwa bahari hawakuwa na nafasi ya kuchagua. Kitabu cha Kigiriki kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza baada ya Kristo, kinaitaja miji ya biashara ya pwani hii na kumwambia msafiri aondoke kwao mwezi gani. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 hivi. Alishuka kutoka Mogadishu akisaidiwa na kaskazi, na baadaye akarudi Uarabuni. Mfanyabiashara aliyekuja na kaskazi alilazimika kuingoja kusi imrudishe. Kama alichelewa kumaliza biashara yake na kusi ikapamba moto, aliingoja demani, na kama hata hiyo ilimpita, alikaa mwaka mzima. Akikaa, alipanga nyumba, akajifunza lugha, akaoa, akazaa. Sehemu kubwa ya ustaarabu wa miji ya Waswahili, damu zilizochanganyika, maneno, mapishi na milango ya nakshi, ni matunda ya watu waliokuwa wakingoja upepo. Msafiri wa siku zile hakuhesabu siku zake za kukaa. Aliyezihesabu ni upepo.

Aliyetaka kushindana na utaratibu huo alilipa. Nilipokuwa nikifundisha habari za Vasco da Gama, wanafunzi walipenda kusikia alivyopokewa kwa uadui Mombasa na kwa ukarimu Malindi. Mimi nilipenda kuwaonyesha tarehe. Alifika Malindi katikati ya Aprili 1498, akapewa mwongoza njia na mfalme wa hapa, akang'oa nanga tarehe 24 Aprili, upepo ulipokuwa umegeuka. Tarehe 20 Mei alikuwa amefika karibu na Calicut, India: chini ya mwezi mmoja. Wakati wa kurudi aligombana na watu wa kule, akaondoka pwani ya India tarehe 5 Oktoba, kabla kaskazi haijaanza. Bahari ile ile aliyoivuka kwa siku 26 ilimchukua karibu siku 90. Ilipoonekana pwani ya Afrika karibu na Mogadishu, tarehe 2 Januari 1499, watu wapatao 30 walikuwa wamekufa kwa kiseyeye katika kivuko hicho, na kila merikebu ilikuwa imebakiwa na mabaharia saba au wanane wenye nguvu za kufanya kazi. Walifika Malindi tarehe 7 Januari, wakaomba machungwa kwa ajili ya wagonjwa. Baada ya siku chache waliichoma moto merikebu yao moja, São Rafael, kwa sababu hawakuwa na watu wa kutosha kuiendesha. Mnara wa msalaba waliouacha ungali umesimama hapa Malindi, na watalii hupiga picha mbele yake. Sijaona bado anayeusoma kama ukumbusho wa mtu aliyekosea msimu.

Utaratibu huu wa maelfu ya miaka ulivunjwa na makaa ya mawe. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872 meli za moshi za Waingereza zikaanza kuleta barua Zanzibar kutoka Aden. Meli ya moshi haikuuliza kaskazi wala kusi. Majahazi hayakufa mara moja. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri na jahazi la Kuwait kuanzia mwishoni mwa mwaka 1938, akashuka nalo hadi delta ya Rufiji kuchukua boriti na kurudi nalo Ghuba, akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Lakini alijua kwamba anaandika habari za jambo linalokwisha.

Kisha ikaja reli. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na ufuko wa Ziwa Victoria mwaka 1901. Ilijengwa ili kuwapeleka watu bara, lakini haikuchukua muda ikawa inawaleta pwani. Madaktari wa kikoloni waliamini kwamba mwinuko wa nyanda za juu na jua la ikweta vinaharibu mishipa ya fahamu ya Mzungu, hivyo akishuka mara kwa mara mpaka usawa wa bahari atapata nafuu. Ndivyo likizo ya pwani ilivyoingia nchini, karibu kama dawa. Katika miaka ya 1930 hoteli za Wazungu zikaanza kufunguliwa Malindi, na mwanzoni mwa mwaka 1934 Ernest Hemingway alikuja kuvua samaki wakubwa. Tazama kwamba alikuja wakati wa kaskazi. Samaki wakubwa hawakujua lolote juu ya reli.

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1968 hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitengwa kulinda matumbawe. Mwaka 1979 uwanja wa ndege wa Mombasa ulifunguliwa upya kwa ndege kubwa, na Wajerumani na Waitaliano wakawa wakija moja kwa moja. Walikuja Desemba mpaka Machi, kwa sababu kwao kulikuwa na theluji. Huku nyuma, wananchi waliopata uwezo walikuja Desemba pia, kwa sababu shule zimefungwa na ofisi zimetoa likizo. Kwa bahati, baridi ya Ulaya, likizo ya Nairobi na kaskazi yetu viliangukia miezi ile ile, na watu wakasahau kwamba ni mambo matatu tofauti. Neno msimu likabadilika maana bila sisi kutambua. Kwa baba mkwe wangu lilikuwa jina la upepo. Kwa mwanangu wa kwanza, aliyeajiriwa hotelini mwaka 1993, lilikuwa jina la wageni.

Hapo ndipo jambo hili lilipoingia nyumbani kwangu. Vijana wa hotelini wana maneno yao mawili, hai sizoni na loo sizoni, na maisha yao yote yamepangwa juu yake. Kuanzia Desemba mwanangu hakuwa na Jumapili wala sikukuu. Ndugu zetu wa bara walipokuja Krismasi walimwona kwa kupita tu, usiku, akivua viatu. Aprili ilipofika, mvua ya kwanza ikinyesha, alipewa barua ya kupumzishwa pamoja na wenzake wengi, mpaka hoteli itakapowaita tena. Hakulipwa. Alikaa barazani akitazama mvua, na mama yake alipunguza kupika. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji afanye nini mgeni asipokuja kwa miezi mitatu.

Sasa nifike kwa yule mgeni. Alikuwa kaka yangu wa kwanza. Kwa miaka 29 alifanya kazi katika gari la moshi la abiria baina ya Nairobi na Mombasa. Kazi yake ilikuwa kutandika vitanda katika mabehewa ya kulala na kupita ushorobani akipiga kengele ya chakula. Gari lilikuwa likiondoka Nairobi jioni na kufika Mombasa asubuhi. Abiria waliposhuka na kofia zao na watoto wao, yeye alibaki kukusanya mashuka, kisha akaenda kulala katika nyumba za wafanyakazi, na jioni akarudi na gari. Bahari aliiona kutoka dirishani, palipo na daraja la kuingilia kisiwani. Alistaafu akiwa hajawahi kutia mguu wake ndani ya maji ya chumvi.

Alikuja kwetu mwishoni mwa Aprili 1996. Nilikuwa nimemwandikia asije wakati huo, nikamwekea sababu zote za kitaalamu: masika, kusi inaingia, maji machafu kwa tope la mto Sabaki. Akajibu kwa mstari mmoja kwamba amekwisha kata tiketi. Siku tatu za mwanzo mvua ilinyesha tangu alfajiri mpaka jioni. Siku ya nne ilikatika kidogo, na kaka yangu akamwendea baba mkwe.

"Mzee," akamwambia, "naomba unipeleke ndani kwa chombo chako, nikaone yale maji ya samawati niliyoyaona kwenye picha za behewani."

Mzee alitazama mawimbi yaliyokuwa yakivunjika kwenye mwamba. Akasema, "Mkwe, bahari ina mlango, na sasa umefungwa. Nikikupeleka kwa kukuonea haya, kesho nitamwambia nini mkeo?"

Kaka alinyamaza. Nilijua ameudhika, alikuwa amesafiri mbali, naye hakuwa mtu wa kuomba mara mbili. Mimi mwenyewe niliona aibu, nikaanza kumweleza habari za Vasco da Gama, kana kwamba mtu aliyenyimwa maji hushibishwa kwa tarehe. Aliyetuokoa ni mwanangu, ambaye wakati huo alikuwa amepumzishwa na hana la kufanya. Aliuliza swali ambalo mimi, na vitabu vyangu vyote, sikuwa nimeliuliza: "Mwezi una siku ngapi?"

Mwezi ulikuwa mpevu siku ya Ijumaa. Mtu wa bara hafikirii kwamba ufuko mmoja ni fuko mbili kwa siku moja, lakini ndivyo ulivyo. Mwezi unapoandama na unapopevuka huwa ni siku za bamvua. Bahari hujaa sana na hupwa sana, na tofauti ya kina huweza kupita mita tatu. Na katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa saa kumi hivi na kupwa saa nne hivi, mwaka nenda mwaka rudi, kaskazi na kusi. Upepo haubadilishi hilo. Katikati ya siku hizo huja siku za maji mafu, ambapo bahari haijai vizuri wala haipwi vizuri. Anayetaka kuogelea jioni na anayetaka kutembea kwenye mwamba asubuhi wachague mwezi wa angani kabla hawajachagua mwezi wa kalenda.

Basi Jumamosi ile, tarehe 4 Mei, saa tatu na nusu asubuhi, mwanangu alimkabidhi baba yake mkubwa raba kuukuu, akamshika mkono. "Baba Mkubwa, kanyaga ninapokanyaga mimi. Kuna vitu vyenye miiba." Tulitembea kuelekea baharini mahali ambapo alfajiri palikuwa na maji ya kumzamisha mtu mzima. Wanawake walikuwa wametangulia na vijiti vyao kutafuta pweza. Kaka yangu aliinama kwenye kila kidimbwi. Aliona kiti cha pweza chekundu, kaa waliojificha ndani ya makombe, na jongoo wa pwani, ambaye alikataa kumshika. Aliuliza maswali kama mtoto wa darasa la pili, na mwanangu alijua kila jibu kwa Kiswahili, kwa Kijerumani na kwa Kiitaliano. Sikuwa nimewahi kumwona mwanangu akifanya kazi yake. Siku zote alikuwa akiwafanyia wengine.

Maji yalipoanza kurudi, yalikuja taratibu, yakitujia vifundoni. Kaka alisimama, hakutaka kuondoka. Akasema, si kwangu wala kwa mwanangu, "Miaka 29 nimewaleta watu hapa, sikuwahi kulowa."

Siku nne zilizobaki mvua ilirudi. Yeye na mzee walikaa barazani kutwa, mmoja akieleza stesheni kutoka Nairobi mpaka Mombasa, mwingine akieleza bandari kutoka Lamu mpaka Ghuba, wakibishana kipi kilichelewesha watu zaidi, injini au upepo. Alipoondoka alikuwa amenenepa. Wiki chache baadaye aliniandikia kwamba mwaka ujao, Mei ile ile, atakuja na shemeji yangu.

Ndipo nilipotoa lile jibu langu. Nilimwandikia: "Kaka, safari ile ulikuja wakati mbaya. Ngoja Desemba 1997, njoo na shemeji muione bahari yenyewe, imetulia, ya samawati." Nilijiona nimemfanyia hisani. Mzee alipoambiwa alisema, "Mwambie aje tu," lakini nilimwona hajali raha ya mgeni. Kaka alikubali. Alikuwa akiniheshimu kwa elimu yangu, ingawa mimi ni mdogo wake.

Msomaji anayekumbuka mwaka 1997 amekwisha jua. Agosti 13 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, watu wakauawa, na maelfu wakakimbia makwao. Watalii waliacha kuja. Oktoba ikaja vuli, lakini si vuli tuliyoijua. Ilikuwa El Niño. Maji ya bahari ya upande wetu yalikuwa na joto kuliko kawaida, na mvua haikujua kukoma. Ilinyesha Novemba, ikanyesha Desemba, ikaingia Januari. Barabara kuu ya Nairobi na Mombasa ilikatika mahali pengi. Desemba ile, katikati ya kile nilichokiita msimu bora, mwanangu alikuwa nyumbani amepumzishwa, hoteli zikiwa zimefungwa, na bahari mbele yetu ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kaka hakuja. Aliandika kwamba tungoje mambo yatulie. Kufikia Machi na Aprili 1998 joto la bahari lilikuwa limeua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani hii, yakageuka meupe kama mifupa. Mwezi wa Juni kaka aliugua, na kabla ya mwaka kwisha tulimzika kwao, bara, kwenye baridi.

Sidai kwamba ningeweza kuyajua hayo. Hakuna aliyejua. Ninachojilaumu ni kwamba mtu aliniambia lini anataka kuja, akiwa na sababu yake, nami nikamrekebisha kwa wastani wa hali ya hewa. Baba mkwe wangu, aliyekataa kumpeleka ndani ya bahari, hakukataa aje. Alijua tofauti ya mambo hayo mawili. Baharia husikiliza upepo kwa sababu upepo waweza kumuua. Mgeni wa barazani hauawi na mvua.

Tangu siku zile mengi yamegeuka. Gari la moshi alilolitumikia kaka lilikoma mwaka 2017, na reli mpya iliyoanza mwaka huo humfikisha mtu Mombasa kwa saa chache, bila kulala njiani. Mwaka 2020 korona iliondoa wageni wote wa nje kwa miezi, na kaskazi na kusi zikavuma juu ya vitanda vitupu vya ufukweni. Mwaka 2023 El Niño ilirudi na mvua kubwa. Mwanangu aliiacha hoteli zamani. Ana chombo chake, na huwapeleka watu Watamu Julai hadi Septemba kuwatazama nyangumi wanaokuja kutoka bahari baridi za kusini. Ameipa kusi msimu wake. Babu yake angecheka.

Nikiulizwa sasa, nami huuliza. Unakuja kufanya nini? Kama ni kupiga mbizi na kuona samaki ndani ya maji maangavu, njoo Januari mpaka Machi, ukubali joto na bei. Kama ni nyangumi au upepo mwanana wa kipupwe, njoo Julai au Agosti, usinung'unike kwamba mwani umejaa ufukweni. Kama unataka bahari tulivu bila msongamano, jaribu Septemba na mwanzo wa Oktoba, wakati wa demani. Kama unamtafuta potwe, nenda Mafia, Tanzania, kati ya Oktoba na Februari. Halafu tazama mwezi una siku ngapi. Lakini kama unakuja kumwona mtu, basi njoo atakapokuwa na nafasi, na uje ukiweza. Wengi wa watu wetu wa pwani wana nafasi wakati wa masika tu.

Shemeji yangu alikuja mwaka 2000, peke yake. Nilimwuliza kwa barua angependa mwezi gani, na safari hii sikumshauri. Akajibu: Mei. Mvua ilimnyeshea siku mbili. Siku ya tatu mwanangu alitafuta zile raba kuukuu, na saa tatu na nusu asubuhi wakatoka.